Mwanamke wa Simu za Vita Anastahili Nafasi Kwenye Rafu ya Askari

Ipo picha ya mwaka 1918 inayowaonyesha wanawake wamekaa mstari mmoja mbele ya swichibodi, hedifoni kichwani, mikono ikichomeka na kuchomoa nyaya. Kwa haraka utasema ni ofisi ya simu ya mji wowote wa wakati ule. Shusha macho kwenye migongo ya viti vyao: zimetundikwa kofia za chuma na mifuko ya vinyago vya kujikinga na gesi ya sumu. Hao ni waendesha simu wa Jeshi la Marekani wakiwa kazini nchini Ufaransa, karibu na uwanja wa vita.

Fundi wa sanamu ndogo za kijeshi akiipata picha hiyo ana kila anachohitaji: sare, kifaa, mkao wa mwili, na hatari iliyotundikwa kwenye kiti. Hata hivyo, kwa miongo mingi viwanda vya vichezeo vilimwaga sokoni mamilioni ya askari bila kumkumbuka mwanamke huyu. Naandika makala haya kumdai nafasi yake, kwa sababu yaliyompata kwenye rafu ya vichezeo ndiyo yaliyompata kwenye daftari la pensheni.

Askari wa kijani na simu sikioni

Biashara ya askari wa kuchezea ni kongwe. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya Uingereza ilianza kumimina askari wa madini ya risasi wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu kuliko waliotangulia. Mwaka 1938 kampuni ya Bergen Toy & Novelty ya Marekani ikaleta askari wa plastiki. Kutoka hapo wakazaliwa wale askari wa kijani wanaouzwa kwa pakiti, ambao mwaka 2014 waliingizwa kwenye jumba la heshima la vichezeo nchini Marekani.

Aliyewahi kuchezea pakiti hiyo anawajua kwa mikao yao. Yupo anayelenga shabaha akiwa amepiga goti, yupo aliyelala kifudifudi, yupo wa bazuka begani, yupo anayepekua ardhi kutafuta mabomu. Na yupo mwenye redio mgongoni na simu sikioni. Watoto wengi humweka huyu wa mwisho nyuma ya kikosi, kwa kuwa hana bunduki ya kuelekeza kwa adui. Bila yeye lakini, wa bazuka hajui pa kupiga, na mizinga ya nyuma inaweza kuwaangukia wenzake.

Katika pakiti hizo za kawaida wote walikuwa wanaume. Mwaka 2019 msichana wa miaka sita kutoka jimbo la Arkansas aliandika barua kwa watengenezaji kuuliza kwa nini hakuna askari wa kike. Kampuni ndogo ya BMC Toys ya Scranton, Pennsylvania, inayoendeshwa na Jeff Imel, ilikuwa tayari imeshaombwa jambo hilo na mwanamke mstaafu wa jeshi la majini. Imel alichangisha fedha mtandaoni, wanunuzi wakaitikia kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 2020 askari wa kike wa plastiki wakaanza kufika majumbani. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 80 tangu askari wa kwanza wa plastiki.

Muuguzi alitangulia, akakosa wanunuzi

Hoja kwamba askari wa kike hauziki ina historia, na historia yenyewe inafaa kutazamwa. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ilizindua G.I. Joe, mwanasesere wa urefu wa takriban sentimita 30 mwenye viungo vinavyokunjika. Hasbro ilikataa katakata kumwita mwanasesere ili wavulana na baba zao wasione haya kumnunua. Mwaka 1967 ikamwongeza muuguzi, mwenye gauni jeupe, kipimo cha mapigo ya moyo, bandeji na magongo. Hakununuliwa. Wavulana walimwona ni wa wasichana, wasichana hawakufika kwenye rafu ya vita, na wenye maduka hawakujua wamweke wapi. Leo muuguzi huyo ni miongoni mwa sanamu za G.I. Joe zinazotafutwa sana na wakusanyaji, kwa sababu wachache tu walibaki.

G.I. Joe iliporudi mwaka 1982 ikiwa imepunguzwa hadi chini ya sentimita 10, kundi la kwanza lilikuwa na mwanamke mmoja, Scarlett, mtaalamu wa kupambana na majasusi. Kazi ya mawasiliano alipewa Breaker, mwanamume. Kiwanda kilimkubali mwanamke anayeuguza, na baadaye mwanamke anayepigana. Katikati ya hao wawili palibaki pengo pana, na humo ndimo walimokuwa wanawake wengi waliotumikia kweli katika vita vya karne iliyopita: waendesha simu, wasikilizaji wa redio, wachoraji wa ramani za mapigano, wachambuzi wa misimbo.

Sababu ya pengo hilo naiona kwenye meza ya mchonga sanamu. Kazi ya mawasiliano hufanywa na mtu aliyekaa. Silaha yake ni sikio, na ushujaa wake ni kutoinuka kitini wakati kila kiungo kinamwambia akimbie. Bunduki hujieleza yenyewe hata ikiwa na urefu wa sentimita mbili. Swichibodi inahitaji fundi anayejua kisa chake, na wanawake hao hawakukosa visa.

Kutoka Chaumont hadi Souilly

Marekani ilipoingia Vita ya Kwanza ya Dunia, Jenerali John Pershing alikuta mawasiliano yake yamekwama. Askari wa kiume waliowekwa kwenye swichibodi walikuwa wazito wa kuunganisha simu, na wengi hawakujua Kifaransa cha kuzungumza na upande wa pili wa laini. Mwishoni mwa 1917 aliomba wanawake wenye uzoefu wa kazi hiyo na wanaojua lugha zote mbili. Zaidi ya 7,600 waliomba nafasi 100 za kwanza. Hatimaye zaidi ya 200 walivuka bahari, wakala kiapo cha jeshi, wakavaa sare za buluu walizozilipia wenyewe.

Ukitaka kuwatengenezea sanamu, anza na utepe wa mkononi. Mwendesha simu wa kawaida alivaa utepe mweupe wenye alama ya kinywa cha simu. Msimamizi aliongezewa shada la majani. Mwendesha mkuu aliongezewa juu yake miale ya radi. Ni alama ndogo ambayo mchoraji mwenye brashi nyembamba anaweza kuiweka kwenye mkono wa sanamu ya milimita 54, na papo hapo mtazamaji akatambua kwamba huyu ana cheo na ana watu chini yake.

Aliyestahili miale hiyo kuliko wote ni Grace Banker, msomi wa Barnard College aliyekuwa mkufunzi wa waendesha simu kabla ya vita. Aliongoza kundi la kwanza lililosafiri Machi 1918, akafanya kazi Chaumont kwenye makao makuu ya Pershing, kisha Septemba akachaguliwa kwenda na wachache karibu na mapigano ya Saint-Mihiel. Kutoka hapo wakahamia Souilly kwa mashambulizi ya Meuse-Argonne. Amri za kusonga, kusimama na kufyatua mizinga zilipita vidoleni mwao. Laini ikikatika au jina la mahali likisikika vibaya, watu walikufa.

Tarehe 30 Oktoba 1918 moto ulizuka kwenye majengo ya mbao ya Souilly. Moshi ukawakaribia, wao wakaendelea kuunganisha simu hadi walipoamriwa kutoka, na muda si mrefu baada ya moto kudhibitiwa wakarudi kwenye laini zilizosalia. Banker alitunukiwa Nishani ya Utumishi Uliotukuka. Kufikia mwisho wa kazi yao Ufaransa, inakadiriwa kwamba kikosi hicho kilikuwa kimeunganisha simu milioni 26.

Waliporudi nyumbani waliambiwa hawakuwa askari. Kanuni za jeshi zilitaja wanaume tu, kwa hiyo wao wakahesabiwa kuwa raia walioajiriwa kwa mkataba. Hakuna cheti cha kuachishwa jeshi kwa heshima, hakuna marupurupu ya maveterani, hata kwa waliougua wakiwa kazini. Merle Egan Anderson, aliyewafundisha askari wa kiume kuendesha swichibodi kule Ufaransa, alipigania jambo hilo kwa miongo kadhaa, barua baada ya barua, mswada baada ya mswada. Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuwatambua Novemba 1977, na vyeti vikaanza kutolewa 1979. Banker alikuwa amefariki mwaka 1960. Desemba 2024, zaidi ya karne moja baada ya moto wa Souilly, sheria ya kuwapa Nishani ya Dhahabu ya Bunge la Marekani ikapitishwa.

Kijiti kirefu na saa ya rangi

Katika Vita ya Pili ya Dunia sanamu inayofaa zaidi iko chini ya ardhi, Uxbridge, magharibi mwa London. Katika handaki lile, ambalo leo ni makumbusho, wanawake wa WAAF, tawi la wanawake la jeshi la anga la Uingereza, waliizunguka meza kubwa ya ramani. Taarifa za ndege za Wajerumani zilitoka kwenye vituo vya rada na kwa watazamaji wa pwani, zikapita kwenye simu hadi hedifoni zao, nao wakasukuma vibao vidogo juu ya ramani kwa vijiti virefu.

Ukutani ilikuwepo saa iliyogawanywa vipande vya dakika tano tano vya rangi nyekundu, njano na buluu. Mshale uliowekwa juu ya ramani ulichukua rangi ya kipande ambacho mkono wa dakika ulikuwa ukipita. Ofisa aliyetazama kutoka roshani ya juu alijua kwa rangi tu taarifa ipi ni mbichi na ipi imeshachacha na kustahili kuondolewa. Sanamu ya mwanamke mwenye kijiti bila saa ile ni nusu ya habari. Wakusanyaji makini hutengeneza chumba kizima, meza, saa na roshani, na hapo ndipo mtoto wa leo anaelewa jinsi rubani mmoja angani alivyotegemea macho na masikio ya wanawake asiowahi kuwaona.

Na wasidhani watu kwamba wote walikuwa salama chini ya saruji. Uwanja wa ndege wa Biggin Hill ulishambuliwa kwa mabomu mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1940. Sajini Helen Turner alikuwa kwenye swichibodi. Koplo Elspeth Henderson alikuwa akishikilia laini ya kwenda Uxbridge. Hawakuondoka hadi ilipobidi. Wao na Sajini Joan Mortimer, aliyeendelea na kazi kwenye ghala la silaha kisha akatoka kuweka alama pale mabomu ambayo hayajalipuka yalipoangukia, walipewa Medali ya Kijeshi. Ni medali ya ujasiri mbele ya adui, na angalau wawili kati ya hao watatu walikuwa watu wa mawasiliano.

Redio ndani ya sanduku

Akitajwa mwanamke wa redio katika vita hiyo, jina la Noor Inayat Khan hutangulia. Alizaliwa Moscow 1914, baba akiwa mwalimu wa Kisufi kutoka India na mama Mmarekani, akakulia Ufaransa, akaandika hadithi za watoto na kutoa kitabu cha ngano za Jataka mwaka 1939. Vita ilipomfikisha Uingereza alijiunga na WAAF akafunzwa redio. Juni 1943 alishushwa Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, mwendesha redio wa kwanza mwanamke kutumwa huko na idara ya siri ya Uingereza.

Redio za kazi hiyo zilifichwa ndani ya masanduku ya safari, zikiwa nzito za kutosha kumchosha mbebaji na kumtia shaka mlinzi barabarani. Waya wa antena ulitandazwa dirishani au mtini. Magari ya Wajerumani yenye vifaa vya kunasa mawimbi yalizunguka mitaa ya Paris, na kila dakika ya kubonyeza nukta na vistari iliwasogeza karibu zaidi. Mtandao wake ulipovunjwa na wenzake kukamatwa, aliambiwa arudi Uingereza. Alikataa, maana yeye ndiye aliyekuwa amebaki kuunganisha Paris na London. Alikamatwa Oktoba 1943, akafungwa minyororo, akauawa Dachau tarehe 13 Septemba 1944. Alipewa George Cross mwaka 1949.

Mwanamke huyu aliandikia watoto. Sitaki mtoto amjue kama msichana mrembo mwenye bastola, jinsi baadhi ya watengenezaji wanavyopenda kuwachora wanawake wa vita: vifungo vya shati wazi, viatu vya kisigino kirefu, midomo myekundu, kofia imewekwa upande. Sanamu za aina hiyo zimejaa sokoni na zinamdhalilisha mtu aliyekufa kwa kazi yake. Namheshimu Annie Norman wa Bad Squiddo Games, Uingereza, aliyejenga kampuni nzima juu ya sanamu za wanawake wenye miili ya watu halisi na mavazi ya kazi, wakiwemo wanawake wa Jeshi Jekundu la Muungano wa Kisovieti, ambako wanawake wapatao 800,000 walitumikia na wengi walikuwa wa simu na redio. Kazi yake inathibitisha kwamba uaminifu unauzika.

Mombasa, ukingoni mwa Bahari ya Hindi

Msomaji wa pwani yetu asidhani habari hii ni ya mbali. Singapore ilipoanguka mwanzoni mwa 1942 na Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) Aprili mwaka huo, kituo cha Waingereza cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya Japani, kilichokuwa Colombo, kilihamishiwa Kilindini. Shule ya Allidina Visram, Mombasa, ilichukuliwa kwa ajili hiyo. Mahali wanafunzi walipokuwa wakifundishwa hesabu, wasikilizaji wakakaa na hedifoni wakinasa redio za Wajapani kutoka ng'ambo ya bahari, na wachambuzi wakakaa na makaratasi.

Miongoni mwao walikuwa wanawake wa WRNS, tawi la wanawake la jeshi la majini la Uingereza. Kazi ilikuwa ngumu kuliko Colombo, kwa kuwa mawimbi yalifika Mombasa yamedhoofika, na msikilizaji alilazimika kuzichambua herufi za Morse ya Kijapani ndani ya mkwaruzo. Hata hivyo, miezi ya mwisho ya 1942 kituo kilifanikiwa kufumbua msimbo wa meli za biashara za Japani uliojulikana kama JN-40, baada ya Wajapani kufanya kosa la kurudia ujumbe uleule wakiongeza nafasi ya meli iliyokuwa imesahaulika. Kuanzia hapo safari za meli za shehena zilisomwa kutoka kwenye madarasa ya Mombasa. Mwaka 1943 kituo kilirudi Ceylon.

Bahari hiyohiyo ilidai roho za wenzao. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo ikiwa na mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, wauguzi, na wanawake wa WRNS. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldives, nayo ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wanawake 77. Jumuiya ya Madola haijawahi kupoteza wanawake wengi wa jeshi kiasi hicho katika tukio moja. Vijana wetu na wanawake hao wako kaburi moja la maji.

Tuwatengeneze sisi

Nikizungumza na watu kuhusu sanamu za kijeshi, wapo wanaouliza kwa nini tuwape watoto vita mikononi. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba vita tayari imo mikononi mwao, kwenye pakiti za plastiki na kwenye simu za wazazi wao, na sehemu kubwa ya vita hiyo ni ya kufyatua risasi. Sanamu ya mwanamke mwenye hedifoni inamlazimisha mtoto kuuliza: huyu anafanya nini hapa? Ili ajibiwe, lazima mtu mzima amweleze kuhusu amri, kosa, dakika, na watu wanaotegemeana. Hilo ni somo la vita lililo bora kuliko kishindo.

Kwa hiyo natoa wito kwa mafundi wetu. Wachongaji wa Kikamba wamechonga askari na wanyama kwa vizazi, na vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wenye mashine za kuchapa maumbo ya plastiki wanatengeneza vitu vidogo kwa ustadi mkubwa. Mchongeni mwanamke wa Kilindini. Mpeni sare nyeupe ya joto la pwani, kiti cha darasani, redio mezani, penseli mkononi, na karatasi iliyojaa herufi. Pembeni yake mwekeni askari wa mizinga wa Afrika Mashariki aliyesafiri na wenzake kwenye Khedive Ismail. Chini ya sanamu andikeni mahali, mwaka na kazi aliyoifanya, kwa Kiswahili, ili mtoto asome mwenyewe.

Makumbusho ya Fort Jesus yangeweza kuziuza kwa wageni, na shule zikazinunua kwa somo la historia. Wanawake wa simu waliotumikia Ufaransa walisubiri cheti kwa miaka 60 kwa sababu hakuna aliyewahesabu kuwa askari. Kuwahesabu wa Mombasa hakuhitaji mswada wala sahihi ya rais. Kunahitaji kipande cha mti mzuri, mkono uliotulia, na mtu aliyeamua kwamba kazi ya kusikiliza nayo ni kazi ya vita.